Mbwa wa Betri Ukweni

Nakiri mapema ili msinitazame kwa jicho la pembeni: yule mtu wa kisa cha Gesima mnayemsikia, yule aliyebomosha choo cha wakwe zake siku ya kwanza kuwatembelea, ni mimi. Nimeishi na aibu hii tangu mwaka wa tisini na nane, na mke wangu ameniambia nisipoisimulia mwenyewe ataisimulia yeye, na yeye akishika mkasa huu huutia chumvi mpaka unachacha, kwa hiyo bora muusikie kwangu.

Wakati huo nilikuwa nauza katika duka la Mama Hansa, mama wa Kihindi aliyekuwa na duka la vitabu, redio na vitu vya watoto pale Kisii mjini. Siku moja ikaja katoni ya vidude vya plastiki, kama yai hivi, vyenye vitufe vitatu na kioo kidogo, na ndani ya kioo anaishi mbwa. Mbwa mwenyewe ni vidoti vyeusi tu, ukimtazama vibaya utasema ni birika, lakini ukishabonyeza kumchukua awe wako umekwisha: atataka chakula, atataka kuchezeshwa, akiugua atataka sindano, atajisaidia na ni lazima umzolee, na kila akitaka kitu analia pii-pii-pii mpaka akipate. Usipomjali anakufa. (Nyumbani kwetu Birongo tulikuwa na mbwa wa kweli, mwenye meno, na sikumbuki mtu yeyote aliyewahi kumuuliza kama ameshiba.)

Mchumba wangu Moraa, aliyekuwa anasomea ualimu, alipokuja dukani akakiona kidude kile akakipenda papo hapo. Tukamchukua mbwa mmoja, tukamwita Tomi. Lakini chuoni kwao kitu kama hicho kingenyang'anywa siku hiyo hiyo, basi akaniachia mimi.

"Ombati, mlee Tomi mpaka tufunge chuo," akaniambia. "Nikirudi nimkute hai. Nataka nione kama wewe ni mtu wa kutunza kitu."

Alisema huku anacheka, lakini mimi namjua Moraa, akicheka namna ile hana mzaha hata kidogo. Basi nikalea. Nililisha mbwa kabla ya kunywa chai yangu mwenyewe, nilimzolea uchafu wake nikiwa nawatajia wateja bei za redio, nilimzimia taa alale. Mama Hansa alicheka mpaka akachoka. Chuo kilipofungwa Tomi alikuwa hai, mnene, na mimi nilikuwa nimekonda.

Sasa ikafika siku ya kwenda kujitambulisha kwa wazazi wa Moraa, kule Gesima. Mama Hansa, Mungu ambariki, akaniambia, "Ombati, wacha huyo mbwa hapa. Mimi nitalisha." Nikakataa. Mara ya mwisho nilipomwachia Tomi, nilirudi nikamkuta amezungukwa na marundo matatu ya uchafu, Mama Hansa anauzia mtu kalamu. Nikasema huyu mbwa nimemfikisha hapa kwa jasho, sitamwua siku Moraa anamsubiri kwao. Nikamtia mfuko wa nyuma wa suruali. Uamuzi ni huo tu, hakuna mwingine, na kila kitu kilichofuata kilitoka kwenye huo mfuko.

Kwa wale wasiotujua, ukweni kwetu Wakisii hakuna mchezo. Kuna kitu tunaita chinsoni, ile heshima ya kuoneana haya, na kati ya mkwe na mama mkwe ndiyo imekolea. Hamshikani mikono, hamkai pamoja, hata sauti yake unaisikia kutoka jikoni tu kama redio ya jirani. Na jambo moja linalojulikana hata na mtoto wa darasa la kwanza ni kwamba mkwe haingii choo cha baba mkwe. Ukibanwa, utajua wewe na migomba.

Tulikuwa mimi na baba yangu mdogo Makori, ambaye ndiye aliyekuwa msemaji wetu. Tukakaribishwa, tukaketi, na Mzee Onchari, kaka mkubwa wa babake Moraa, mzee wa kanisa na mtu wa kuogopwa, akasimama kuomba. Aliombea mvua, akaombea majani chai, akaombea waliotutangulia mmoja mmoja kwa majina, na alipofika kwa vijana wanaotafuta wake, Tomi akaona njaa.

Pii-pii-pii.

Mzee Onchari akafungua jicho moja. Mimi nikakohoa. Tomi akalia tena, mimi nikakohoa tena kwa nguvu zaidi, mpaka amina ikafika, nikaomba radhi nikatoka mbio nyuma ya migomba nikamlisha. Nikarudi. Sijakaa vizuri, pii, amejisaidia (mbwa huyu akila hakawii). Nikatoka nikazoa. Nikarudi. Mazungumzo yamepamba moto, wazee wananiuliza ukoo wangu, pii, ameugua. Nikatoka mara ya tatu, nikampiga sindano mbili kwenye majani chai huku wasichana wawili waliokuwa wanachota maji wananitazama jinsi ninavyobonyeza kitu tumboni na kukisemesha.

(Siku mbili baadaye Mama Hansa alinionyesha kwamba ukibonyeza vitufe viwili kwa pamoja yule mbwa ananyamaza. Maelezo yalikuwa kwenye karatasi, kwa Kichina. Naomba msinikumbushe.)

Niliporudi mara ya tatu, baba mdogo alikuwa ameshaona ukimya wa wazee haukai vizuri, akaamua kuniokoa.

"Wazee, mtuwie radhi," akasema. "Kijana wetu tumbo limemsumbua tangu jana. Alikataa kubaki nyumbani, akasema hata akiwa mgonjwa lazima afike kwa wakwe zake."

Uso wa kila mtu ukalainika. Nikamshukuru kwa macho. Tatizo ni kwamba jikoni pia walisikia, na haukupita muda kikaletwa kikombe kutoka kwa mama mkwe, dawa ya majani, kijani kibichi, imechemshwa mpaka imekuwa nzito. Ningefanya nini? Ni kitu cha kwanza mama wa Moraa ananipa tangu nizaliwe. Nikanywa chote, nikapangusa mdomo, nikasema asante kuelekea ukuta wa jikoni.

Dawa ile ilikuwa ya kweli. Kuku alipoletwa, tumbo ambalo asubuhi halikuwa na neno na mtu likaanza kuzungumza lugha yake. Nikavumilia shingo ya kuku, nikavumilia bawa, kwenye paja nikaona jasho linatoka masikioni. Nikatoka. Kwenye migomba kuna akina mama wanaosha sufuria. Kwenye majani chai wale wasichana wamerudi, safari hii ni watano. Na hapo, hatua kumi mbele yangu, kuna choo cha baba mkwe, mlango wazi, kinanitazama. Naapa si kichwa kilichoamua. Ni miguu.

Nilipata nafuu ya mtu aliyefufuka. Kisha nikainuka, nikavuta suruali, nikasikia kitu kinateleza kutoka mfuko wa nyuma. Nikageuka. Sikuona kitu. Nikasikia tu, chini kabisa, tubwi. Kimya. Halafu kutoka huko huko chini: pii-pii-pii.

Nikachungulia nje, hakuna aliyeniona, nikarudi ndani nikakaa kwenye kiti changu, nikashika paja langu la kuku. Nikajiambia betri itakwisha, au maji yataingia, na mambo yataisha kimya kimya. Robo saa baadaye nyanya yake Moraa akaenda chooni, na akarudi anakimbia, mkongojo ameuacha huko huko.

"Kifaranga!" akapiga kelele. "Kifaranga changu kimetumbukia chooni! Kinalia! Jamani kiko hai!"

Kuku wake alikuwa ametotoa wiki hiyo, na bibi alikuwa anawapenda wale vifaranga kuliko wajukuu. Alianza kulia machozi halisi. Mzee Onchari akasimama, akavua koti la kanisa, akakunja mikono ya shati, akaomba jembe.

Hapo ndipo ningesema. Jamani, hapo ndipo. Neno moja tu lingetosha. Lakini kusema kile si kifaranga ni kusema nimeingia choo cha baba mkwe, na kusema nimeingia choo ni kusema nilichofanya humo, mama mkwe akiwa anasikia kupitia ukuta. Nikafungua mdomo, nikautia kipande cha kuku, nikaufunga.

Mzee akang'oa miti ya sakafu, wa kwanza, wa pili. Choo chenyewe kilikuwa kimeloana na mvua za Elnino, na alipong'oa wa tatu kikaegemea upande, kikafikiri kidogo, kikalala juu ya migomba polepole kama mzee anayejinyoosha. Hakuacha. Akafunga kikapu kikuukuu kwenye mti mrefu, akalala kifudifudi, mkono ndani mpaka begani, anavua. Kijiji chote kilikuwa kimefika. Bibi anamwelekeza, "Kiko huku, huku kushoto, kinalia, ongeza mkono!" Na mimi nimesimama nyuma yao na paja la kuku mkononi, natikisa kichwa kwa masikitiko kama mtu mwema.

Hatimaye kikapu kikapanda. Wakakimwagia maji, mtungi mzima, wakatazama.

"Ninki eke?" Mzee Onchari akauliza. Ni nini hiki? Hakuna aliyejua. Kile kitu kikajibu chenyewe, pii.

Na Moraa, Moraa wangu aliyekuwa jikoni siku nzima bila kuniona, akapenya katikati ya watu na kupiga kelele, "Tomi! Uko hai!"

Halafu akanitazama. Halafu wote wakanitazama.

"Kijana," Mzee Onchari akasema taratibu, "hiki ni chako?"

"Ndiyo, mzee. Ni mbwa."

"Ni mbwa." Akakigeuza mkononi. "Kilifikaje mle?"

Akina mama ndio walionijibia, "Yeee!" moja ndefu, wameshika vinywa, na nyuma ya ghala nikaona leso ya mama mkwe inakimbilia ndani.

"Kwa hiyo ulijua si kifaranga."

"Nilijua, mzee."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipovua koti."

Akatazama mkono wake, kuanzia vidole mpaka begani, bila haraka. "Kuingia choo tungekusamehe," akasema. "Tumbo halijui adabu. Huyo mbwa simwelewi, lakini ni wako, mlee. Mimi ninalouliza ni moja. Umeniona nalala kwenye uchafu wako, na umenyamaza, unakula. Siku binti yetu akiwa na shida, na kusema ukweli kunakutia aibu, utanyamaza hivi hivi?"

Nilitamani ardhi inimeze, lakini pale ardhi ilikuwa tayari imefunguka na nilijua kilichomo. Wakaamua pale pale: hakuna mazungumzo ya ng'ombe wala ya harusi mpaka nichimbe choo kipya, mimi mwenyewe, kwa mikono yangu, bila kukodisha mtu. Moraa alitusindikiza mpaka njiani. Nilidhani atacheka. Akasema tu, "Ungesema, Ombati," akarudi, na nilirudi Kisii nimeumia kuliko siku yoyote niliyoikumbuka. Tomi alikufa kesho yake, maji yalikuwa yameingia. Sikulia (nilimpangusa kioo chake, basi).

Nikachimba. Kila Jumamosi nafika Gesima asubuhi na jembe, nachimba mpaka jioni, watoto wamekaa ukingoni wanalia pii-pii. Moraa alikuwa nyumbani lakini hakutoka. Jumamosi ya nne shimo lilikuwa limenipita kichwa mara mbili, naona anga kidogo tu, na mara nikaona ndoo inashuka kwa kamba, ndani yake kikombe cha chai kimefunikwa sahani. Nikajua ni yeye, mama mkwe. Hanioni, simwoni, hatujavunja heshima yoyote, na kumbe kule chini ndipo pahali pekee tungeweza kuzungumza.

"Mwanangu," sauti ikasema kutoka juu. "Huyo mbwa... alikuwa anakula nini?"

"Mkate, mama," nikajibu. "Na keki."

Nikasikia kicheko, kwanza kimezuiwa na leso, kisha kikamshinda, akacheka mpaka udongo ukaniangukia kwenye chai.

"Ungesema mapema," akasema alipopata pumzi, "ningekupa chai badala ya ile dawa." Na nikamsikia anaita kuelekea nyumbani, "Moraa! Mletee mtu wako chakula, atakufa huko ndani."

Moraa akaja. Jumamosi iliyofuata Mzee Onchari akakagua shimo, akatupa jiwe, akasikiliza, akasema haya, sasa leteni wazee wenu. Tangu hapo nikiharibu kitu nakiri papo hapo, mbele ya yeyote, hata kama mdomo umejaa ugali. Na kile choo bado kiko pale Gesima, imara, watu wanakisifu, na mimi niliyekichimba kwa mikono yangu sijawahi na sitawahi kukiingia.