Ng'ambo ya Mbaraki

Juzi mjukuu wangu alinivisha darubini shingoni nimtazame mwewe juu ya paa, na harufu ya ule mkanda wa ngozi ikanirudisha utotoni, ufukweni Mbaraki.

Mwalimu alikuwa ametupeleka watoto tisa kutazama ndege. "Nyamazeni," alitunong'oneza. "Hawa wamekimbia baridi ya kaskazini." Tulichuchumaa kwenye mikoko, tope likinuka chumvi na majani yaliyooza. Wenzangu walikaa wawili wawili. Mimi nilikaa peke yangu, kama ilivyokuwa tangu mamangu aachwe, akaolewa Likoni, ng'ambo ya maji, nami nikabaki kwa nyanya, mamake baba.

Zamu yangu ilipofika sikutazama ndege. Niliielekeza darubini Likoni, na pale ufukweni nikaona leso nyekundu ya mama, amejitanda. Alikuwa akianika nguo, karibu kiasi cha kumgusa. Nikadhani, kwa ukaribu ule, atanisikia.

"Mama!"

Ndege wote waliruka kwa pamoja, wakavuka maji. Mama akainua uso, akatazama kidogo, kisha akaendelea kuanika. Wenzangu walinizomea. Mwalimu akanivua darubini taratibu.

Leo najua darubini haipeleki sauti, na kwamba mwanamke yule, hata kama alikuwa mama kweli, alikuwa akitazama ndege tu. Lakini wakati ule niliamini kwamba alinisikia.

Idi ilipofika, mama alivuka kuja kuniona. Nikajificha chini ya kitanda cha nyanya. Aliniita mara tatu. Nilimsikia vizuri, nikanyamaza.