Saa Sita kutoka Guangzhou hadi Delhi

Baba alipopelekwa Delhi kutibiwa moyo, mdogo wangu wa kike alikuwa na mwaka wa nne Guangzhou, akiwanunulia vitenge wafanyabiashara wa Uvira na Bujumbura. Kaka yetu mkubwa ndiye aliyemsindikiza baba. Mimi nilibaki nyumbani Uvira na mama.

Jioni moja, tukichambua maharage uani, mama aliniuliza kama huyo binti yake anaweza kumfikia baba, maana alisikia kwamba miji yote miwili iko Asia. Nikatafuta kwenye simu. Kilomita zaidi ya elfu tatu na nusu. Kwa ndege isiyotua njiani, karibu saa sita. Nilijua kilomita hazitamwambia kitu, nikamtajia saa. Nikaongeza kuwa ni kama safari ya kwao Lemera wakati wa mvua, pikipiki inapokwama matopeni na watu wakamalizia kwa miguu.

"Basi iko karibu," akasema, akaendelea na maharage yake.

Kesho yake nilimpigia mdogo wangu. Pasipoti yake ilikuwa ofisi ya uhamiaji, anabadilisha kibali cha kukaa; mkononi alikuwa na karatasi ya kungojea tu. Na ikirudi, bado aombe viza ya India. Alilia mpaka nikakata simu. Nilimweleza mama yote hayo, lakini mama amevuka mpaka wa Kavimvira na samaki wake miaka mingi, na kwake karatasi ya mpakani hutolewa asubuhi hiyohiyo. Akawa ananiuliza kila siku kama mtoto amefika. Kaka naye alisema baba anauliza vilevile.

Baba alifariki wiki ya tatu, baada ya upasuaji. Viza ya mdogo wangu ilitoka siku iliyofuata. Alipanda ndege hivyo hivyo, akamkuta baba chumba cha maiti, na yeye na kaka wakamleta hadi Bujumbura. Tuliwapokea mpakani. Mama alimkumbatia kaka, akampita mdogo wangu, akaenda kushika jeneza.

Siku ya tatu ya kilio, nyumba imejaa watu, mama alimgeukia mdogo wangu.

"Yaya yako," akasema akinionyesha mimi, mkubwa wake, "alisema ni saa sita. Minye nilitoka Lemera kwa miguu, mimba yako tumboni, juu papa yako alikuwa anaugua. Weye ulishindwa kukaa ndani ya ndege?"

 Mdogo wangu alinitazama mimi. Nilikuwa na maneno yote, ya pasipoti, ya viza, na hesabu yangu ya saa iliyoacha mambo hayo nje. Nikainamisha kichwa pamoja na wengine.

Alirudi Guangzhou kabla ya arobaini. Miezi ikapita ndipo nikamkalisha mama chini na kumweleza upya, taratibu, siku kwa siku. Alisikiliza hadi mwisho.

"Juu ya nini haukusema siku ile, yeye akiwepo?"

Nilipiga Guangzhou, nikampa mama simu. Alimuuliza kama amekula. Kisha wakaongea juu ya bei ya vitenge, kwa muda mrefu na kwa adabu, kama watu wawili wanaofahamiana sokoni.