Nilivaa Gauni Refu Kwenda Kujiombea Marehemu

Ukumbi mzima ulisimama kimya, watu wote wamevaa nyeusi, vichwa chini. Tulikuwa tunamwombea mwanamke aliyefariki.

Mwanamke mwenyewe ni mimi.

Sijachanganyikiwa. Tulia nikueleze.

Mimi nauza kuku sokoni. Nachinja, nanyonyoa, na mteja akitaka namkatia vipande. Mume wangu ni meneja wa ofisi ya bima. Tulipooana alikuwa anazunguka na mafaili kwa miguu, viatu vyake vinacheka mbele.

Miaka michache iliyopita akajiunga na chama cha Frimasoni. Mtaani wakaanza maneno. Mara wanakunywa damu, mara wanafuga nyoka. Mimi sikuona damu wala nyoka. Nilichoona ni nguo.

Suti nyeusi. Shati jeupe lililopigwa pasi mpaka linasimama lenyewe. Tai nyeusi, viatu vyeusi vya kamba, glavu nyeupe. Na mkoba mwembamba wa ngozi wenye aproni yao ya chama, ambao hakuna aliyeruhusiwa kuugusa.

"Aproni?" nilimwuliza siku moja. "Mimi navaa aproni kutwa nzima, mbona hunipigii saluti?"

Hakucheka.

Nilipomwuliza kama wake za wanachama hualikwa, akanijibu akijitazama kwenye kioo. "Mambo ya chama si ya wanawake, mama watoto. Usiniulize tena."

Sikuuliza tena.

Sasa wiki moja hivi alibanwa na kazi, akanituma kwa dobi nikamchukulie suti. Nilitokea sokoni moja kwa moja, nina manyoya mpaka kwenye nyusi.

Dobi akanipa suti, akasema, "Mwambie bosi wako gauni la madam lilishachukuliwa asubuhi."

"Gauni gani?"

"Lile refu jeusi. Si Jumamosi ni jioni yao ya kuja na wake? Nimefua magauni ya chama kile mpaka mikono imechubuka."

Alidhani mimi ni mfanyakazi wa ndani. Wala sikumsahihisha.

Nilirudi nyumbani na ile suti begani, kifua kinawaka moto. Kumbe wake wanaalikwa. Kumbe yupo madam. Na mimi niliyezaa naye watoto wawili ndiye wa kubeba nguo.

Ungekuwa wewe ungefanyaje? Ungepiga kelele, ungechana suti. Mimi niliitundika kabatini vizuri, nikampikia, nikamwuliza habari za kazi.

Nilitaka nimkute na madam wake mbele ya watu anaowaheshimu. Nilitaka aone aibu mpaka akose pa kuficha uso.

Kesho yake nikaenda kwa shoga yangu anayekodisha magauni, tunamwita Mama Pindo. Nikamweleza yote. Alinisikiliza na pini mdomoni.

"Pale mlangoni hawaangalii sura, wanaangalia nguo," akasema. "Ukikosea kitu kimoja unarudishwa. Gauni mpaka kwenye vifundo. Mabega yafunikwe. Rangi ya giza. Glavu zipande mpaka kwenye viwiko. Na hizo kucha zako, mama, tuzifiche kabisa."

Jumamosi mume wangu aliondoka mapema, ananukia kama duka la manukato. "Nitachelewa," akasema.

"Uende salama, baba watoto."

Alipopinda kona tu, nikaoga maji ya moto mara mbili na ndimu. Mama Pindo akanivalisha. Nilijitazama, nikajiogopa.

Mlangoni kwenye ule ukumbi alisimama mzee mmoja wa glavu nyeupe, anakagua watu kama mizigo. Mbele yangu kulikuwa na bwana mmoja na mkewe.

"Ndugu, viatu vyako ni vya kahawia."

"Ni kahawia ya giza, mzee."

"Nenda kavibadili."

Bwana wa watu akageuka na mke wake amenuna. Zamu yangu ikafika. Mzee akanishusha kwa macho toka kichwani hadi miguuni, akanipandisha tena.

"Mgeni wa nani?"

"Wa ndugu yenu meneja wa bima."

Uso ukamlegea. "Ah, pole sana. Karibu ndani."

Pole ya nini? Sikuelewa, nikapita.

Ndani, sakafu ya vigae vyeusi na vyeupe, meza za vitambaa, wanaume wote sare moja. Nikakalishwa meza ya nyuma pamoja na mama mmoja mzee, mwalimu mstaafu, mume wake ni wa chama. Nikamtafuta mume wangu kwa macho. Yupo meza ya mbele, kanipa mgongo. Pembeni yake gauni refu jeusi.

Nikasema moyoni, geuka nikuone, madam.

Akageuka kumpokea mhudumu glasi.

Alikuwa wifi yangu.

Dada yake mkubwa mume wangu. Anayekula kwangu kila Jumapili na kuondoka na kifurushi.

Nilichoka. Moto wote ukapoa ghafla, nikahisi mjinga. Nikaanza kutafuta njia ya kutoka bila kuonekana.

Ndipo yule mwalimu akaniinamia sikioni. "Wewe pia ni wa familia? Poleni. Dada mtu kajitahidi sana kuwalea wale watoto tangu mama yao afariki."

"Mama yao nani?"

"Mke wa huyu wa bima. Hatukujaliwa kumwona, masikini. Lakini tunamwombea kila mwaka."

Kabla sijameza mate, mkuu wao, mzee mwenye mkufu mpana shingoni, akagonga meza. Akaomba tusimame kuwakumbuka waliotangulia. Akataja ndugu wawili. Kisha akasema, "Na mke mpenzi wa ndugu yetu wa bima."

Mume wangu akatoa kitambaa, akafuta macho. Wifi akamshika bega.

Na mimi nikasimama. Nikainamisha kichwa kama wenzangu. Ningefanyaje, marehemu mwenyewe nilikuwepo.

Wote walipokaa, mimi nikabaki nimesimama.

"Mheshimiwa, samahani," nikasema. "Mmeniombea vizuri na nashukuru. Ila marehemu ndiye mimi, na naendelea vizuri."

Kijiko kilianguka mahali.

Mume wangu aligeuka. Ile aibu niliyoitaka, niliiona usoni kwake.

"Mheshimiwa," akasema, "huyu ni msichana wetu wa kazi. Akili yake haiko sawa."

Hapo ndipo nilipoacha kumhurumia. Nikavua glavu, nikaweka mezani mkono wenye pete na makovu ya kisu, nikamgeukia wifi.

"Wifi, yule kuku uliyekula kwangu Jumapili, nilimnyonyoa nikiwa kaburini?"

Wifi akaangalia sahani.

"Dada," mkuu akamwambia, "huyu ni nani?"

Wifi akasema kwa sauti ya chini, "Mke wake."

Mkuu hakufoka. Alimwendea mume wangu, akanyoosha mkono. "Ndugu, nipe glavu zako. Na beji."

Mume wangu akazivua mbele ya watu wote, kidole kimoja kimoja.

Nje kwenye magari alinifuata. Nilidhani ataomba radhi.

"Wangekuuliza unafanya kazi gani ungesemaje?" akaniambia. "Unanuka kuku. Ningekuweka wapi mimi?"

Hapakuwa na mwanamke mwingine. Ingekuwa nafuu angekuwepo. Alikuwa ananionea aibu tu.

Nyumbani akauliza kama kuna chakula.

"Mke wako alishakufa," nikamwambia. "Marehemu hapiki, hafui wala hafungui mlango."

Akahamia kwa dada yake na begi moja. Suti aliisahau. Jumatatu nikavaa lile koti la bei mbaya kwenda nalo sokoni, nikachinja na kunyonyoa nalo mpaka likashindwa kutambulika rangi. Wateja walicheka, nami nikacheka kuliko wao. Sitaki kukudanganya, nilijisikia vizuri mno.

Wifi alikuja mwezi uliofuata. Alisimama mbele ya meza yangu anapikicha kanga yake.

"Wifi, nisamehe. Kaka alitaka awaambie wenzake wa chama mmeachana. Mimi ndiye niliyemwambia aseme umekufa. Niliona ni heshima zaidi."

Kumbe hata kifo changu hakukibuni yeye. Kilipangwa na mtu aliyekuwa na kijiko chake jikoni kwangu.

Nikafuta kisu kwenye aproni, nikamwuliza, "Unataka jogoo au tetea?"

Nikamwita mteja aliyekuwa nyuma yake.

Sijamsamehe hadi leo, na usinitumie ujumbe wa kunibembeleza.

Ninachokwambia ni hiki. Kama mwenzako hataki uonekane mbele ya watu wake, usihangaike kununua gauni zuri zaidi. Waulize watu hao amewaambia nini juu yako. Huenda ulishazikwa zamani, na dua umesomewa.