Mlango wa Ukurasa wa 22

Ukipita mbele ya kibanda cha Fundi Soli, hakusalimii wewe, anasalimia viatu vyako kwanza. Kisigino kikiwa kimelika upande mmoja, atakwambia unatembea kama mtu aliyeachwa na basi. Ni mtu wa miaka arobaini na minne, kitambi cha wastani, vidole vyeusi vya rangi ya viatu ambavyo sabuni ilishavikatia tamaa. Maneno hayamwishi. Lakini juma lile wateja waliingia na kutoka na viatu vyao vimepinda hivyo hivyo, hakuna aliyetaniwa. Watu wakaanza kuulizana kama mzee anaumwa.

Haumwi. Ni boksi tu.

Jumatatu dada yake alipiga simu. Dada huyo ni mwalimu wa hesabu, na hata akikuuliza hali unahisi umeitwa ubaoni. Akasema wanafunzi wake wameanza kuvutiwa na ile michezo ya zamani ya kuigiza mezani, ile ambayo mmoja anasimulia, wengine wanakuwa mashujaa, na dadu ndiyo inayoamua nani ataruka shimo na nani ataingia humo. Wanatafuta majarida ya enzi hizo, na yeye amekumbuka yale yao yaliyobaki kwenye boksi kwa mdogo wake. Jumamosi anakuja kulichukua boksi. Wanafunzi walimwomba awe msimulizi wao pia, amekataa.

"Mimi niliwahi kuzamisha watu wanne kwenye chumba kimoja kwa sababu sikujua hadithi inaenda wapi," alisema. "Kusimulia si kazi yangu. Nitawapa majarida, watajua wenyewe."

Fundi akajibu, "Sawa, dada," kwa sauti ya mtu aliyekalia msumari.

Sasa tumrudie fundi akiwa na miaka kumi na mitatu, mwembamba, masikio makubwa. Mjomba wao alikuwa anafagia maktaba, na majarida yaliyokuwa yanatupwa aliwaletea. Yalikuwa ya lugha ya kigeni, kwa hiyo dada alikaa na kamusi, akitafsiri hadithi kwenye daftari la mistari, kurasa chache kila jioni. Jalada lilikuwa na joka, ndani kuna ramani za mapango, na mwisho kuna barua za wasomaji wakigombana kama shujaa anaweza kuogelea na ngao. Yaani watu walikuwa wanabishana mambo ya kijinga hata kabla ya intaneti, tena kwa stempu.

Dadu ya pande ishirini hawakuwa nayo. Walikata vikaratasi ishirini, wakaviandika namba, wakavitia kwenye kopo tupu la rangi ya viatu la baba yao, ambaye naye alikuwa fundi. Ndiyo maana mashujaa wote wa nyumba ile walinuka viatu.

Wachezaji walikuwa wanne: yeye, binamu zake wawili mapacha, na binti wa jirani aliyekuwa mchawi wa moto. Sheria ilikuwa moja: jarida la hadithi inayochezwa haliguswi na mtu isipokuwa dada. Atakayechungulia, amejitoa.

Akachungulia. Alitaka kuwa yeye atakayefungua mlango mkubwa wa chuma, wote wamshangilie, hasa binti wa jirani. Alitoka kumsaidia baba kubandika soli, akapitia chumbani, akafungua ukurasa wa 22, akaisoma ile lugha ya kigeni kwa kubabaisha. Mlango ule haukufunguka kwa shoka wala kwa uchawi. Ulifunguka ukibishiwa hodi, basi. Alipoinua mkono, dole gumba lake lilikuwa limeacha alama nyeusi pale pale, yenye gundi, kama muhuri wa serikali. Akasikia hatua za dada. Akafunga jarida na kulikandamiza kifuani. Ukurasa wa 22 ukafunga ndoa na wa 23, na gundi ya baba haikuwa ya mchezo.

Kesho yake, mashujaa walipofika mlangoni, dada, ambaye tafsiri yake ilikuwa haijafika hapo, alifunua jarida na kukuta baada ya 21 inafuata 24. Akadhani kiwanda kilikosea. Akajaribu kutunga mwenyewe huku maji yakipanda chumbani na mapacha wakipiga mlango shoka saa nzima. Fundi neno analo mdomoni, lakini akilisema, dada atauliza amelijuaje. Akalimeza. Maji yakafika magotini, shingoni, kwisha. Mapacha wakasema dada hajui kusimulia hata kidogo. Dada akafunga daftari lake, na hakulifungua tena.

Za mwizi ni arobaini, na fundi alikuwa amefika mwaka wa thelathini na moja.

Basi Alhamisi, mchana wa saa nane, akaweka jarida kwenye meza yake ya kazi. Soli ya zamani haing'olewi kwa nguvu. Unaipasha moto kidogo, unaiacha gundi ikumbuke kwamba iliwahi kuwa uji, kisha unapitisha kisu butu, upana wa ukucha, unapumzika, unapasha tena. Kwa kiatu anatumia jiko. Kwa karatasi aliazima mashine ya kukaushia nywele, na neno "aliazima" hapa ni heshima tu, kwa sababu mke wake ni msusi na alikuwa na mteja kichwa kibichi.

Mke akaja kuifuata mashine yake. Akamkuta mume analikausha joka.

Hakukuwa na uongo wa kutosha dunia nzima kueleza hali ile, kwa hiyo fundi akasema kweli, yote, mpaka dole gumba. Mke akasikiliza mkono kiunoni. Maana huyo mke ndiye binti wa jirani.

"Kwa hiyo ni wewe uliyeniua," akasema. "Mchawi wa moto, mimi, nikafa maji. Na nikakuzalia watoto watatu."

Fundi akasema alikuwa mtoto. Mke akamwambia sasa je? Umri unao, kitambi unacho, mwambie wifi yangu kabla sijamwambia mimi. Akachukua mashine yake. Mlangoni akageuka, akairudisha, akasema amalizie kona ile, inakaribia kuachia.

Ukurasa ukafunguka Ijumaa, haukuchanika hata herufi. Alama ya dole ilikuwepo, ndogo, ya mtoto.

Jumamosi dada alifika na kitoroli cha boksi. Fundi hakumkaribisha hata kiti. Alimpa jarida likiwa wazi pale pale. Dada akavaa miwani, akasoma, midomo ikicheza kama zamani na kamusi. Akafika kwenye alama. Akamwangalia mdogo wake, akamshika mkono, akalitazama lile dole la miaka arobaini na minne, akalirudisha kama anarudisha daftari lenye sifuri.

"Nilichungulia, dada," fundi akasema. "Hukukosea kitu. Jibu nililikalia mimi."

Mteja aliyekuja kuchukua ndala zake akawatazama wote wawili, akaamua kurudi baadaye.

"Hodi," dada akasema mwishowe, taratibu. "Saa nzima ya mashoka, kumbe hodi." Mabega yakaanza kumtikisika, na fundi hakujua kama ni kilio, mpaka kicheko kikatoka kikubwa hadi mke akaja na kitana mkononi.

Dada akavuta kigoda, akakaa, akafungua 22 kwenye magoti.

"Maji yako magotini," akasema, na sauti ikawa ile ile ya zamani. "Mbele yenu mlango wa chuma. Mnafanya nini?"

Fundi akapiga meza ya kazi mara tatu. "Hodi."

"Nani?"

"Mimi na mchawi wa moto."

Dada akapitisha kidole kwenye mistari kana kwamba maneno yake yameandikwa humo. "Mlango unasema mchawi apite. Wewe subiri kidogo, maji hayajafika shingoni."

Mke akavuka kizingiti cha kibanda akiwa ameinua kitana kama fimbo ya enzi. Fundi akabaki nje ya mlango ambao haupo, akicheka, na dada hakumfungulia mpaka alipoomba mara tatu, kwa adabu.

Boksi likapakiwa kwenye kitoroli. Dada akaanza kuondoka, akasimama, akarudi.

"Una makopo matupu ya rangi ya viatu?"

"Ninayo. Moja linatosha, dada."

"Wanafunzi ni wanane," akasema. "Nitawasimulia wanne wanne. Nipe mawili."