Asiyeonekana Haliliwi

Nilipokuwa mtoto niliamini kwamba kuna nyimbo zinazoua. Imani hiyo sikuipata kanisani, ingawa kanisani nako tulionywa sana juu ya nyimbo za dunia. Niliipata kwa nyanya yangu, Nyambura, mke wa babu Gichuki, aliyefariki bila kubatizwa.

Tulikaa Mukurweini, kwenye mteremko unaotazama soko la Gakindu. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya Uhuru. Tulikuwa tumekwisha kutoka katika kile kijiji kilichozungushiwa handaki tulichofungiwa na mkoloni wakati wa Hali ya Hatari, tukarudi katika shamba letu na kujenga upya. Nyumbani tulikuwa watu wanne: nyanya, mama yangu Tabitha Wangeci, kaka yangu Gichuki, na mimi. Baba, Wachira wa Gichuki, alichukuliwa na lori la askari nikiwa bado nabebwa mgongoni. Wenzake wengi waliochukuliwa naye walikuwa wamerudi kutoka kambi za kizuizini. Yeye hakurudi, wala hakuna mtu aliyeleta habari zake.

Nyanya alikuwa na sheria moja kuhusu jambo hilo, nayo ni ya watu wetu wa zamani: asiyeonekana haliliwi. Ukimlilia mtu ambaye hukuuona mwili wake, umemzika yu hai. Huko aliko magoti yatalegea, ataanguka, na wewe uliyelia ndiye uliyemsukuma. Kwa hiyo kwetu hakuna aliyelia. Nyumba ya baba, ile ya wanaume ambayo sisi huiita thingira, ilijengwa upya kama zamani, na mimi niliagizwa kuwasha moto humo kila jioni ili mwenyewe akirudi asikute majivu baridi.

Mama aliishi kati ya milango miwili. Hakunyoa nywele kama mjane, wala hakuwa na mume wa kumpelekea maji ya kunawa. Kanisani wajane walipoombwa wasimame waombewe, yeye aliketi. Nilikuwa nikikaa karibu naye, nikiona jinsi alivyoyakaza macho kwenye kitabu cha nyimbo kilichofungwa. Alikuwa ameokoka, na ndugu wa ushirika walimpenda, lakini hawakujua wamwombee kama nani.

Nieleze pia majina, kwa sababu pasipo majina jambo hili halieleweki. Kaka yangu, kwa kuwa ni mzaliwa wa kwanza, alipewa jina la babu mzaa baba. Kwa hiyo nyanya alimwita "mume wangu," na hakuwa akifanya mzaha tu. Mimi wa pili nilipewa jina la baba yake mama, Ndirangu, ndiyo maana nyanya aliniita mkwe, akaniheshimu kwa namna ya kunichekesha. Hakunituma chumvi kwa jirani bila kusema, "Mkwe, usione vibaya."

Gichuki alikuwa amefanya kazi Nanyuki kwa mfanyabiashara mmoja wa ng'ombe, Mwislamu aliyeitwa Mzee Osman. Aliporudi nyumbani kusaidia kupalilia kahawa, alikuja na gramafoni ya kutia ufunguo ambayo mzee huyo hakuitaka tena, pamoja na santuri chache. Nyingine zilikuwa za dansi. Moja ilikuwa ya lugha yetu, sauti ya mwanamume na gita lake. Mtu huyo alizungumza na baba yake aliyekuwa kaburini. Alisema, mvua inakunyeshea nami nimelala pakavu. Mwishoni aliomba udongo umfungulie naye aingie.

Kaka alilala katika thingira kwa kuwa ndiye mkubwa. Kila jioni, nilipokwisha kuwasha moto, aliketi kwenye kigoda akaicheza hiyo moja. Hakuimba pamoja nayo. Alitazama moto mpaka sindano ikaanza kukwaruza katikati, kisha akaizungusha tena.

Jioni ya kwanza nyanya alikuja mlangoni, mkono kiunoni.

"Mume wangu, hicho kisanduku chako kinalilia nani?"

"Hakuna mtu, Cucu," kaka alisema, kwa neno letu la nyanya. "Ni wimbo tu."

"Ati wimbo tu. Wimbo wa matanga ukiingia nyumba isiyo na maiti, unatafuta mwenyewe. Hii ni nyumba ya nani?"

Kaka alichochea moto.

"Nimeuliza, hii ni nyumba ya nani?"

"Ya baba."

"Basi cheza zile zingine za kutikisa kiuno. Hata mimi nitakuja tucheze, kama magoti yako yataniweza."

Tulicheka, hata yeye. Lakini kesho yake kaka aliucheza tena ule ule, na nyanya hakurudi kucheka.

Habari zilifika ushirika. Ndugu Hosea, aliyekuwa kiongozi wa waliookoka upande wetu, alipita akiwa na Biblia kwapani. Alikuwa mtu mpole, fundi wa kushona, na vidole vyake vilikuwa vimechomwachomwa na sindano.

"Dada Tabitha," alimwambia mama, "mtu anayeomba udongo umfungulie anaomba nini? Anaomba kufa. Mkristo hawezi kukaa kila jioni na ombi kama hilo akaamka salama. Huyo kijana alete hiyo kitu nuruni, tuivunje, tumwombee."

Mama alimwita kaka akamweleza. Kaka alisikiliza mpaka mwisho, akiwa ameinamisha kichwa.

"Mama, kanisani mnaimba kuhusu damu na msalaba na kaburi, na hakuna anayekufa."

"Hizo zina tumaini ndani yake."

"Hii inasema tu vile mtu anasikia moyoni. Mimi sina mahali pengine pa kusikia hivyo."

Nilidhani mama angekasirika. Badala yake alichukua ungo akaanza kuchambua maharagwe ambayo nilikuwa nimekwisha kuyachambua.

Sasa nifike kwa Kiragu. Kiragu alikuwa jirani yetu wa ng'ambo ya mto, aliyechukuliwa kwa lori lile lile la baba. Alirudi mapema, akapata kazi katika kiwanda cha kahawa. Njia yake ya kwenda kazini ilipita kando ya ua wetu, lakini hakuingia kwetu hata mara moja. Alipomwona nyanya shambani aliivuta kofia chini na kuharakisha. Nyanya alisema kambi ilimfundisha kiburi.

Jioni moja, mawingu yakiwa mazito na wimbo ukicheza, Kiragu alisimama nje ya ua. Nilimwona nikitoka kuteka maji. Alisimama mpaka wimbo ukaisha, kisha akafungua lango, akavua kofia, akamwendea nyanya aliyekuwa amekaa mlangoni pa nyumba yake akimenya ndizi mbichi. Mama alitoka jikoni.

"Poleni, mama zangu," Kiragu alisema. "Nimesikia mnamlilia Wachira. Nashukuru Mungu kwamba mtu mwingine amewaambia. Mimi nilishindwa. Nilikuwa naanza safari ya kuja hapa, nafika kwa lango, narudi."

Hakuna aliyesogea. Hapo ndipo Kiragu alipoelewa kosa lake. Kwetu hakuna mtu ambaye angecheza wimbo wa matanga nyumbani kwa asiyeonekana. Mtu mzima wa Mukurweini akiusikia kutoka thingira ya Wachira, angejuaje kwamba ni kijana tu na gramafoni? Alidhani tumekwisha kupata habari, tumeruhusiwa kulia.

Nyanya aliweka kisu chini polepole.

"Sema," alisema.

Kiragu akasema. Ilikuwa homa, katika mvua za mwaka wa pili wa kambi, kule chini kwenye nchi kame. Siku ya kumzika yeye alishika miguu, mwingine akashika mabega. Mahali penyewe hapakuwekwa alama yoyote.

Kaka alikuwa amesimama mlangoni pa thingira. Nyanya hakumtazama Kiragu tena. Alimtazama yeye.

"Nilikuambia," alisema. Hakuongeza "mume wangu."

Siku zilizofuata nilijaribu kutumia elimu yangu. Shuleni tulifundishwa kupanga mambo kwa kufuata wakati yalipotokea, na niliona nyanya amekosea jambo rahisi.

"Cucu," nilimwambia, "baba alikufa nikiwa mtoto mdogo. Wimbo huo hata haukuwa umetungwa. Haungeweza kumuua."

Alinitazama kwa upole ambao ulikuwa mbaya kuliko hasira.

"Mkwe, wewe umesoma. Basi nihesabie hii. Juzi mwanangu alikuwa hai. Leo amekufa. Katikati yake kuna nini?"

Nilianza kuhesabu. Bado nahesabu.

Ndugu Hosea alikuja na wenzake kutupa pole. Baada ya maombi alisema, kwa sauti ya chini, kwamba labda sasa ile santuri ivunjwe, maana imefungulia mauti mlango. Mama alikuwa ameketi chini, kichwa chake kimenyolewa. Nyanya ndiye aliyemnyoa asubuhi ile.

"Ndugu Hosea," mama alisema, "keti kwanza. Gichuki, ilete hapa. Icheze."

Nyanya alipousikia mlio wa ufunguo aliinuka akaenda shambani, akapotelea kwenye mibuni. Ndugu Hosea hakuketi, lakini hakutoka pia. Alisimama kando ya mlango, Biblia kifuani. Mtu yule wa kwenye santuri akaanza kumwambia baba yake habari za mvua, na mama akalia. Sikuwahi kumsikia mama akilia. Ilikuwa sauti ya chini, ndefu, kama ya mtu anayeshusha mzigo wa kuni kwa uangalifu ili asijiumize. Alilia wimbo wote. Ulipokwisha, Ndugu Hosea alijifuta uso akasema tu, "Dada, tutaonana Jumapili." Hakuzungumzia kuvunja tena.

Jumapili hiyo wajane walipoitwa, mama alisimama.

Lakini nyanya hakurudi kwetu kama zamani. Alimwita kaka "wewe." Chakula akikigusa kaka, yeye alishiba ghafla. Kaka alivumilia mpaka mwisho wa mavuno, kisha akafunga vitu vyake akarudi Nanyuki. Nilimsindikiza mpaka barabarani. Aliniambia nisome kwa bidii, nami nikamwambia nitasoma, na hatukuwa na lingine. Hakurudi kuishi nasi. Nyanya alipofariki alikuja, akasimama nyuma ya watu, na hakuna aliyemwita mbele atie udongo kaburini ingawa alikuwa na jina la mume wake. Kaka mwenyewe amezikwa Nanyuki. Mama naye alifariki baadaye. Katika nyumba ile nimebaki mimi tu ninayejua majina yote.

Mimi ni mzee wa kanisa siku hizi. Vijana wetu wana nyimbo zao, wanazitia masikioni, na nikizisikia kwa bahati huwa zinaongea juu ya kufa, kuachwa, usiku. Wazazi wao huniomba niseme wazi kama Mkristo anaruhusiwa kusikiliza vitu hivyo. Wanataka neno moja. Nami nina sifa ya mtu wa maneno machache, kwa hiyo wanashangaa ninapochelewa.

Sichelewi kwa hekima. Ninapoulizwa hivyo huwaona wanawake wawili. Mmoja ameketi chini na kichwa kilichonyolewa, na wimbo wa giza umemrudishia mume wa kumlilia. Mwingine anatembea peke yake kati ya mibuni, na wimbo huo huo umemnyang'anya mwana wa kumngojea. Yote yalitokea ndani ya wimbo mmoja, na wote wawili walikuwa mama zangu. Nikisema ndiyo, namgeuzia mmoja mgongo. Nikisema hapana, namgeuzia mwingine. Basi huwauliza wazazi wale mtoto wao anamlilia nani, na wengi huenda zao bila kunijibu.