Samli ya Posa

Wenye baiskeli wa Karagwe wanajua kujaza upepo tu. Mengine yote wanabahatisha. Juma lililopita nilimsindikiza jirani yangu, mwenye duka, kupeleka posa Kituntu. Alivaa kanzu nyeupe. Baiskeli aliyoinunua Bukoba ilipiga kelele njia nzima kwa kukosa mafuta, na kila mlima aliisukuma. Mimi nilibeba kibuyu cha samli, zawadi ya mkwe.

Tulipokaribia, akasimama. "Lete hicho kibuyu. Nikiingia na makelele haya wataniona fukara."

Akaupaka mnyororo samli mpaka ukang'aa. Tukaingia kimya kama wezi. Baba wa binti, mfugaji, aliitikia shikamoo zetu, akapokea kibuyu, akakitikisa sikioni. Kisha akaiinamia baiskeli, akagusa mnyororo, akanusa kidole.

"Samli hii kwetu hupakwa bibi harusi."

"Ilikuwa inalia, mzee," jirani akajitetea.

"Na wewe huwezi kuivumilia ikilia?"

"Siwezi kabisa, mzee."

Mzee akamrudishia kibuyu. "Basi umekwisha kuoa. Mrudishe mkeo nyumbani mapema, mvua isimkute njiani."

Tuliondoka na kibuyu chetu. Mbwa wanne wa mzee walitufuata, wakigombania kulamba mnyororo, na kwa mara ya kwanza nikamwona jirani yangu akipanda mlima wa Kituntu mbio.

Enyi wenye baiskeli, ikilia siku ya posa, iacheni ilie.