Mgonga Muhuri wa Mpakani

Simu ya msiba ilimkuta binti akianika nguo: mjomba wake, mgonga muhuri wa mpakani, amefariki usingizini. "Kazi ya Mungu haina makosa," alisema, akaketi juu ya nguo mbichi. Vidole vya mjomba vilikuwa na wino wa bluu hata siku ya ibada. Muhuri aliupulizia kwanza, "Haaa!", kama anayesafisha miwani. Na kwenye fomu palipoandikwa "sababu ya safari", yeye alimjazia kila msafiri "kusalimiana". Mkubwa wake akafoka, "Lori la saruji nalo linakwenda kusalimiana?" "Ndiyo, mzee. Saruji ya huku na mchanga wa kule, vikikutana ni nyumba." Madereva wakamtania, "Nchi hizi zikiungana, utakula wapi?" "Kwa jirani!"

Mama yake binti, dada wa marehemu, ameolewa ng'ambo ya mpaka, na pasi yake ilikuwa imekwisha muda. Binti aliomba Mungu mama awahi kumzika kaka yake. Maofisa wa mpaka wa ng'ambo walimwandikia mama kibali cha siku moja juu ya boneti ya gari, wakamleta wenyewe. Jeneza lilikuwa bado halijashushwa. Maofisa wa pande zote mbili walilishusha pamoja, mchungaji akaomba, na mama akatupa konzi ya kwanza ya udongo.